GEORG CANTOR, MWASISI WA ELIMU YA SETI

Kila askari aijua kazi ya asubuhi: orodha ya kikosi husomwa, majina ya waliofika gwarideni huondolewa, na yabakiayo ni ya wasiokuwapo. Hapa Atlabara, Juba, kama kwingineko, kazi hiyo yaweza kufanywa na kompyuta kwa alama moja ya kutoa. Leo twamweleza msomaji maisha ya mtu aliyeweka msingi wake.

Georg Cantor alizaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka 1845. Mwaka 1856 jamaa yake ilihamia Ujerumani. Alipata udaktari wa hisabati Berlin mwaka 1867, na tangu 1869 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Halle. Mwaka 1874 alichapisha makala ihesabiwayo kuwa chanzo cha elimu ya seti, elimu iutazamayo mkusanyo wa vitu mbalimbali kama kitu kimoja.

Leopold Kronecker, mwanahisabati mwenye sauti kubwa Berlin, alimpinga vikali. Mwaka 1884 Cantor aliangushwa na maradhi ya huzuni, ambayo yalimrudia mara nyingi. Hata hivyo hakuiacha kazi yake. Mwaka 1890 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Chama cha Wanahisabati wa Ujerumani, na mwaka 1904 akatunukiwa Nishani ya Sylvester huko Uingereza. Alifariki hospitalini, Halle, tarehe 6 Januari 1918, vita vikiendelea na chakula kikiwa haba.

Katika Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1991, seti A ikitolewa seti B, hubaki vilivyomo katika A visivyomo katika B. Utaratibu una maana: orodha kutoa gwaride huonyesha wasiofika, gwaride kutoa orodha huonyesha wasioandikwa. Usawa wa idadi si ushahidi, kwani 100 wa orodhani si lazima wawe wale 100 wa uwanjani.

Tena, seti huhesabu jina lililorudiwa mara moja tu. Askari wawili wa jina moja watakuwa mtu mmoja, na mshahara wa mmoja wao utapotea. Kwa hiyo ni heri kutumia namba ya jeshi, isiyo na wajina.

Mashine itatuambia ni nani hayupo. Kama yu lindoni, yu hospitalini, au ni jina tupu lisilo na mtu, hilo laulizwa na afisa kabla ya kulifuta.