Bwana Baker na "Shauri ya Mungu"

Katika Waingereza waliokuja kufanya kazi ya serikali katika nchi hii zama za ukoloni, ni wachache wanaotajwa kwa wema mpaka leo. Mmoja wao ni marehemu Richard St. Barbe Baker. Huku kwetu pwani hajulikani sana, maana kazi yake ilikuwa bara. Lakini mimi humkumbuka kila nisikiapo watu barazani wakibishana juu ya ukame na mvua zilizopoteza majira, huyu akisema yatapita tu kama yalivyopita mengine, na yule akisema tumekwisha.

Alizaliwa mwaka 1889 huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, na baba yake alikuwa na kitalu cha miche. Alipokuwa kijana alikwenda Kanada, akaona jinsi nyika zilizolimwa ngano bila ya kuachiwa miti zilivyokuwa zikipoteza udongo kwa upepo. Akapigana vita vya kwanza vya dunia huko Ufaransa, akajeruhiwa, kisha akasomea elimu ya misitu katika chuo cha Cambridge. Mwaka 1920 akaletwa Kenya, awe msaidizi wa mkuu wa misitu.

Alikuta misitu ya nyanda za juu inakwisha. Masetla walifyeka ili wapate mashamba, gari la moshi nalo lilikuwa limekula kuni kwa miaka, na Wakikuyu, ambao sehemu ya ardhi yao ilikuwa imeshachukuliwa, walibanwa mahali padogo wakikata na kuchoma ili wapate kulima. Baker alipowaambia wazee wapande miti, walimjibu kwa Kiswahili cha bara kwamba hiyo ni shauri ya Mungu. Mti mkubwa huzaa mdogo, na mambo yamekuwa hivyo tangu dunia kuumbwa. Akawauliza, na miti mama ikiisha yote, hiyo midogo itazaliwa na nani?

Sitaki niwaonee wazee wale. Neno lao lilikuwa kweli kwa karne nyingi. Walikuwa wakilima mahali, wakihama, na msitu ukirudi wenyewe. Kilichobadilika ni kwamba sasa hapakuwa tena na pa kuhamia. Dhana yao njema ilibaki, na lile lililoitegemeza lilikuwa limekwisha kuondolewa.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Imamu Ghazali, aliyetenga raja na ghururi kwa mfano wa mkulima. Aliyechagua ardhi nzuri, akapanda mbegu njema, akang'oa magugu, kisha akangojea rehema ya Mola wake, huyo ana raja. Aliyetupa mbegu juu ya jabali akakaa kivulini kungoja mavuno, huyo amejidanganya, hata akiwa ni mtu mwenye moyo mchangamfu kupita wote. Na katika mambo ya mazingira, ndugu msomaji, wachangamfu wa namna hii ni wengi kuliko wakata tamaa, na sijui ni wepi walio na hasara zaidi.

Baker hakuleta askari wala amri. Alitambua kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kila shughuli, lakini ya kupanda miti haikuwapo. Basi mwaka 1922, kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, baba wa Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, akaita ngoma ya miti huko Muguga. Vijana wakafika kwa maelfu. Waliochaguliwa waliahidi kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Chama kile kikaitwa Watu wa Miti.

Siku moja ofisa wa Kizungu aliinua mkono ampige Mwafrika, Baker akajitia katikati, pigo likamwangukia yeye. Mambo yake na wakubwa wa serikali hayakuwa mazuri baada ya hapo. Akahamia Nijeria, kisha akazunguka dunia kutetea miti, mpaka ile mirefu ya California.

Jangwa la Sahara ndilo lililomshika zaidi. Mwaka 1952 na 1953 alilivuka kwa gari, akarudi na rai kwamba nchi zote zinazolizunguka zipande miti ya kulizuia. Serikali zilimsikiliza kwa adabu, na kazi haikufanyika. Alikuwa ameshapita umri wa miaka 60. Kama angekuwa anaishi kwa kudhani mambo yatakwenda vizuri, angeliacha pale, lakini aliendelea kuihubiri rai ile kwa miaka karibu 30.

Umoja wa Afrika ulianza mradi wa Ukuta Mkubwa wa Kijani mwaka 2007, yeye akiwa kaburini miaka 25. Nao haukuwa mteremko, kwa kuwa miche mingi ilikufa mchangani. Pale palipofaulu sana ni Niger, ambako wakulima walikuwa wameanza zamani, tangu miaka ya 1980, kuyalinda machipukizi yanayotoka katika visiki vya mashambani mwao, na ardhi iliyorudishiwa miti kwa njia hiyo inakisiwa kuwa hekta milioni 5. Kumbe wale wazee walikuwa na sehemu ya haki: mti huzaa mti, ila ni lazima awepo wa kuuchunga usiliwe na mbuzi.

Juni 1982 Baker alikuwa Saskatoon, Kanada, mji aliosomea ujanani, naye ana miaka 92. Alipanda mche mmoja katika uwanja wa chuo kikuu cha huko. Siku chache baadaye akafa, akazikwa mji ule ule.