Fadhili William: Jamaa wa Malaika Aliyerudi Nyumbani Kutoka Majuu

Ukishuka SGR pale Voi, jua linakuchoma hadi unatafuta maji. Lakini panda milima ya Taita hadi Wundanyi uone kama hutaomba sweta. Huko ndiko kwao Wadawida, na huyu msee alibeba jina hilo: Fadhili William Mdawida.

Alizaliwa Taita Taveta 1938. Karibu 1960, akiwa na Jambo Boys, akarekodi Malaika, ngoma ya jamaa anayependa manzi lakini doo ya mahari hana. Ikavuka mipaka. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaiweka kwa albamu yao ya 1965, Boney M wakaichukua 1981, baadaye Angélique Kidjo naye akaiimba. Nani aliitunga? Huo ubishi haujaisha, maana Mtanzania Adam Salim pia hutajwa.

Fadhili alihamia Marekani, akakaa miaka mingi. Miaka ya 1990 akarudi Kenya. Unajua vile wazee wa majuu huota: nyumba kwa milima ya kwao, baridi kiasi, pesa inaingia bila stress. Yeye alirudi bado akilalamikia mirabaha ya wimbo ambao dunia nzima inaujua. Akafariki Februari 2001, miaka 62 tu.

Kwa hivyo wewe unayerekodi ngoma kwa bedsitter, sajili kazi yako mapema na usisaini karatasi hujasoma. Na DJ akiicheza Malaika kwa harusi wikendi hii, ambia mbogi yako aliyeirekodi kwanza ni kijana wa Taita.