Gundi wa Sofia: mfungaji aliyetakiwa nje ya mpaka akabaki nyumbani

JUNI 30, 1971, gari dogo aina ya Alfa Romeo liliondoka Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, kuelekea mji wa Vratsa ulioko kaskazini. Ndani walikuwamo washambuliaji wawili wa klabu ya Levski, Georgi Asparuhov na Nikola Kotkov. Walikuwa wamealikwa kwenye mechi ya kirafiki, kwa kuwa klabu ya Botev ya Vratsa ilikuwa inaadhimisha miaka 50 tangu kuanzishwa. Katika mlima wa Vitinya, ambako barabara hiyo hupanda hadi karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari kisha ikaanza kuteremka kwa kona, gari lao liligongana na lori. Wote wawili walipoteza maisha.

Asparuhov alikuwa na miaka 28. Siku ya mazishi, Sofia ilisimama. Watu walijaa barabarani kwa maelfu, na hadi leo wazee wa mji huo wanalitaja jina lake la utani, Gundi, kama mtu anavyomtaja ndugu yake.

Kwa msomaji ambaye riziki yake inategemea kuvuka mpaka, maisha ya Gundi yana jambo la kutazamwa kwa makini. Alikuwa na kipaji ambacho klabu za nje zilikiona na kukitamani. Lakini katika nchi yake na zama zake, mwenye kipaji hakuwa na mamlaka ya kukipeleka sokoni.

Kijana wa buluu

Georgi Asparuhov alizaliwa Sofia Mei 4, 1943. Alikulia katika Levski, klabu ya jezi za buluu iliyoanzishwa mwaka 1914 na kupewa jina la Vasil Levski, mpigania uhuru aliyenyongwa mjini humo mwaka 1873 wakati wa utawala wa Waturuki. Kuishabikia Levski lilikuwa jambo la mtaa na familia.

Mtani wao mkubwa alikuwa CSKA, timu ya jeshi iliyoundwa mwaka 1948 baada ya wakomunisti kushika nchi. CSKA ilikuwa na nguvu ya serikali nyuma yake, na matokeo yalionyesha hivyo. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1962 ilitwaa ubingwa wa Bulgaria mara tisa mfululizo. Mara ya mwisho kwa Levski kuwa bingwa ilikuwa mwaka 1953, Gundi akiwa mtoto wa miaka 10.

Ulipofika wakati wa kulitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, kijana huyo alipelekwa Plovdiv, mji wa pili kwa ukubwa, akachezea Botev ya huko. Wala hakupotea. Mwaka 1962 alitwaa Kombe la Bulgaria akiwa na timu hiyo, na msimu uliofuata Botev ilimaliza ligi katika nafasi ya pili na kufika robo fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya. Mwaka huohuo wa 1962 alikwenda Chile na timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia, akiwa na miaka 19 tu. Mwaka 1963 akarudi nyumbani Levski.

Msimu wa 1964/65

Msimu uliomfanya Gundi kuwa Gundi ni ule wa 1964/65 katika Kundi A, kama ligi kuu ya Bulgaria ilivyoitwa wakati huo. Minyororo ya CSKA ilikuwa imeshakatika. Spartak ya Plovdiv ilichukua ubingwa mwaka 1963, kisha Lokomotiv ya Sofia, timu ya wafanyakazi wa reli, ikauchukua mwaka 1964 ikiongozwa na yuleyule Kotkov ambaye baadaye angekufa naye barabarani. Kotkov ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa Bulgaria mwaka huo.

Msimu uliofuata ilikuwa zamu ya Levski. Gundi, aliyevaa jezi namba 9, alipachika mabao 27 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Alikuwa mrefu, hodari wa kichwa, lakini pia mwepesi wa miguu, jambo lisilo la kawaida kwa washambuliaji wa umbo lake. Mabeki walimpiga miguu sana, kwa kuwa njia za kumzuia bila kumgusa zilikuwa chache. Msimu ulipomalizika, Levski ilikuwa bingwa baada ya kusubiri miaka 12, na yeye akatangazwa mchezaji bora wa nchi kwa mwaka 1965.

Ubingwa huo ndio uliomfungulia mlango wa kuonekana nje. Katika nchi ambayo mwananchi wa kawaida hakuweza kupata pasi ya kusafiria kirahisi, mechi za Kombe la Ulaya zilikuwa dirisha.

Ana kwa ana na wana wa Msumbiji

Mwishoni mwa mwaka 1965 Levski ilipangiwa Benfica ya Ureno, timu iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1961 na 1962. Nguzo zake mbili zilikuwa ni watoto wa Msumbiji: Mário Coluna, nahodha, na Eusébio, aliyezaliwa katika mji ambao leo tunauita Maputo. Msumbiji ilikuwa bado koloni, hivyo mabao ya Eusébio yaliandikwa kwa jina la Ureno. Mwaka huohuo alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya.

Mechi ya Sofia iliisha kwa sare ya mabao 2-2, na Gundi alifunga yote mawili. Kule Lisbon, Benfica ilishinda 3-2, na mabao yote mawili ya Levski yalikuwa tena ya Gundi. Levski ilitolewa, lakini mabao manne dhidi ya timu kama ile yalitosha kulifikisha jina lake kwa kila mwenye fedha za kusajili.

Wiki chache baadaye, Desemba 29, Bulgaria na Ubelgiji zilikutana Florence, Italia, katika mechi ya kuamua nani aende Kombe la Dunia. Bulgaria ilishinda 2-1, na mfungaji wa mabao yote mawili alikuwa Asparuhov. Nchini Uingereza, mwaka 1966, mambo yalikuwa magumu. Bulgaria ilifungwa na Brazil, ikafungwa na Ureno ya Coluna na Eusébio, ikafungwa na Hungary. Bao pekee la Bulgaria katika mashindano hayo lilikuwa la Gundi.

Nani mwenye mali?

Mwaka 1967 Levski ilikutana na AC Milan katika Kombe la Washindi. Ilitandikwa 5-1 Italia, kisha ikapata sare ya 1-1 Sofia. Inasimuliwa kwamba Wataliano walimtaka Gundi, kama Wareno walivyomtaka kabla yao, na kwamba alikataa kwa kuipenda klabu yake na nchi yake.

Simulizi hilo ni zuri, na huenda mapenzi yake yalikuwa ya kweli. Ila halielezi yote. Bulgaria ya wakati ule haikuruhusu mchezaji aliye katika ubora wake kwenda kucheza nchi za Magharibi. Serikali ndiyo iliyoamua nani avuke. Mtu asiyepewa nafasi ya kusema ndiyo, hatuwezi kuipima hapana yake.

Mkono huohuo wa serikali uliziendesha hata klabu. Mwaka 1968 Levski iliifunga CSKA mabao 7-2, kipigo kinachokumbukwa hadi leo. Mwanzoni mwa 1969 wakubwa waliiunganisha Levski na Spartak ya Sofia, ikaitwa Levski-Spartak na kuwekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mashabiki hawakuulizwa, wala wachezaji.

Tusidhani hata hivyo kwamba kizuizi kilikuwa upande mmoja wa Ulaya. Eusébio naye alitakiwa na klabu kubwa za Italia, na inaelezwa kwamba utawala wa Salazar ulizuia asiondoke Ureno. Mmoja aliishi chini ya wakomunisti, mwingine chini ya watawala waliowachukia wakomunisti. Wote wawili walifanywa kuwa mali ya taifa.

Gundi aliendelea na kazi. Desemba 1968, Wembley, alikimbia na mpira kutoka mbali na kuifunga England, mabingwa wa dunia, katika sare ya 1-1. Alitwaa tena ubingwa na Levski mwaka 1968 na 1970, na mwaka 1970 alikuwa kwenye kikosi kilichokwenda Mexico, Kombe lake la Dunia la tatu. Huko Bulgaria ilitoka sare ya 1-1 na Morocco, na hiyo ikawa pointi ya kwanza ya timu ya Afrika katika historia ya Kombe la Dunia. Aliichezea timu ya taifa mara 50.

Siku mbili za mwisho

Msimu wa 1970/71 ubingwa ulikwenda CSKA. Juni 28 watani hao walikutana, Levski ikafungwa 1-0. Katika mechi hiyo Gundi aligombana na beki wa CSKA na kutolewa nje ya uwanja, kisha akafungiwa. Kwa kuwa hakuwa tena na mechi ya kujiandaa nayo, alikuwa na nafasi ya kuitikia mwaliko wa Vratsa. Siku mbili baadaye akashika barabara ya Vitinya pamoja na Kotkov. Aliacha mke na mtoto mdogo wa kiume.

Utawala uliokuwa ukifunga mipaka ulianguka mwaka 1989. Mwaka uliofuata, mshambuliaji mwingine wa Bulgaria, Hristo Stoichkov, aliondoka CSKA kwenda Barcelona, na mwaka 1994 akawa mchezaji bora wa Ulaya. Alipita katika mlango ambao mbele ya Gundi ulikuwa umefungwa.

Uwanja wa Levski mjini Sofia sasa unaitwa Georgi Asparuhov. Na pale Vitinya, handaki lilikuja kuchimbwa kupitia mlimani, hivyo malori yanayotoka Sofia kwenda kaskazini hayalazimiki tena kupita juu, kwenye zile kona.