Mzee wa Shabaha Mbili: Uqba bin Aamir (R.A.)

Ukikulia Mbeere kule Embu, au Tharaka chini ya Meru, hakuna haja ya kufundishwa kulenga. Ndege wakishuka kwenye mtama, mtoto anazungusha kombeo na jiwe linafika linakotakiwa. Lakini mtafute mtoto huyo akiwa na miaka thelathini, ameshafungua duka mjini. Atakwambia, aah, hayo niliacha zamani. Basi leo tumtazame Sahaba ambaye hakuacha.

Uqba bin Aamir al-Juhaniy (R.A.) alikuwa mchungaji. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, habari zilimkuta nyikani na kondoo wake. Akawaacha, akaenda kutoa ahadi ya utiifu. Safarini ndiye aliyekuwa akimshikia Mtume hatamu ya mnyama wake, na ni katika safari kama hiyo alipofundishwa Falaq na Naas. Sauti yake katika Qur'ani ilisifika sana, Sayyidna Umar (R.A.) alimwomba amsomee, akalia.

Lakini kilichomkaa moyoni ni upinde. Yeye ndiye aliyetusimulia kuwa Mtume, akiwa juu ya mimbari, alisoma aya ya kuandaa nguvu katika Suratul Anfal, kisha akaeleza mara tatu kuwa nguvu hiyo ni kulenga. Akasimulia pia kwamba nchi zitafunguliwa na Waislamu watatoshelezwa, hata hivyo mtu asichoke kucheza na mishale yake. Angalia hapo: kucheza! Yaani hata siku ambayo hakuna vita wala adui.

Alikuwa na mwenzake, Khalid bin Zayd, ambaye kila mara alimpitia watoke wakalenge. Siku moja Khalid akajivuta, uvivu tu. Uqba hakumgombeza. Akamweleza alivyosikia kwa Mtume kwamba mshale mmoja huwaingiza Peponi watu watatu: aliyeutengeneza kwa nia njema, anayeurusha na anayempa mrushaji.

Zama zile shabaha ziliwekwa mbili zikitazamana. Unarusha, unatembea kuokota mishale, unageuka unarushia upande wa pili. Kwa kijana ni burudani, ila kwa mzee magoti yanalalamika. Fuqaym al-Lakhmiy alimwona Uqba akienda na kurudi hivyo uzeeni, akamuuliza mbona anajitesa. Jibu lake lilikuwa zito: kama si jambo alilolisikia kwa Mtume, asingejisumbua. Alisikia kwamba aliyejifunza kulenga kisha akaacha, si katika sisi, au ameasi.

Na huyu hakuwa mzee asiye na shughuli. Alipigana Sham na Misri, na mwaka 44 Hijria Muawiya alimfanya gavana wa Misri, cheo alichokaa nacho kama miaka mitatu hivi kabla hakijapewa mwingine. (Hatusemi mtu akimbilie bunduki, jamani, hiyo ina leseni na sheria zake.)

Alifariki Misri mwaka 58 Hijria, yaani 678, akazikwa chini ya mlima Muqattam, Cairo, ambako msikiti wenye jina lake upo hadi leo. Inasimuliwa kuwa aliacha pinde sabini na kitu, kila moja na podo lake na mishale yake, akausia zote zitolewe fii sabilillah.