Karoli Lwanga, Kijana Tunayemwigiza



Zamani huko Ulaya, waumini wengi walipokuwa hawajui kusoma, Wakristo waliigiza habari za Biblia na maisha ya watakatifu. Mjini York, Uingereza, kila chama cha mafundi kilikuwa na sehemu yake. Waunda meli waliigiza ujenzi wa safina ya Nuhu. Sisi wanakwaya wa Pumwani tunaendeleza kazi hiyo, na mtakatifu tunayemwigiza zaidi ni Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda.

Lwanga alitoka Buddu, akaenda kutumika katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Kiongozi wa Wakatoliki pale alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa aliuawa baada ya kumkemea Kabaka kwa kumwua Hannington, Askofu wa Kianglikana. Siku hiyohiyo Lwanga, akiijua hatari, alikwenda kwa mapadre akabatizwa. Kisha alishika nafasi ya Mukasa, akawafundisha dini vijana watumishi na kuwakinga na tamaa za Kabaka.

Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, huko Munyonyo, kifo kilikuwa mlangoni na padre hakuwapo. Lwanga akawabatiza mwenyewe wakatekumeni wanne: Mugagga, Gyavira, Mbaga Tuzinde na Kizito, kijana wa miaka kama 14. Kulipokucha walitakiwa kuchagua, wakasimama upande wa wanaosali. Walihukumiwa kufa, wakatembezwa kwa miguu hadi Namugongo. Huko, tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana, Lwanga alichomwa peke yake kwa moto wa polepole. Wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa pamoja siku hiyo. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na Wakatoliki wenzake 21.

Lwanga alikuwa Mkristo aliyebatizwa kwa miezi sita tu, lakini alikuwa tayari mwalimu wa wengine. Miaka yote, katika igizo letu, tumeupitia usiku wa Munyonyo haraka ili tufike kwenye moto. Tunakiri tulikosea. Katika jubilei hii tumeupa nafasi yake. Mkiona ukumbi umetulia na kijana anamwagia mdogo wake maji kichwani, msidhani tumesahau maneno. Ombeni pamoja nasi, maana hata kwaya hii hudumu kwa kijana mmoja kumshika mkono anayemfuata.

Karibuni nyote.