Mhuri wa Mfalme na Fimbo ya Mchungaji

Wapo wanaodhani kwamba Kanisa na dola hugombana pale tu mtawala anapokuwa adui wa dini. Maisha ya Mtakatifu Thomas Becket yatufundisha vingine, kwani mfalme aliyegombana naye alikuwa Mkristo, tena rafiki yake mpenzi.

Thomas alizaliwa London, mwana wa mfanya biashara. Mwaka 1155 alikuwa amekwisha kuwa kansela wa Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, mtunza mhuri wake. Alimtumikia kwa moyo wote, hata akayatoza makanisa fedha za vita. Mwaka 1162 mfalme akamfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, akitumaini kuushika mhuri na fimbo ya mchungaji kwa mkono mmoja. Lakini Thomas aliurudisha mhuri. Alitambua kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

Ugomvi ulizuka juu ya hukumu. Makleri waliokosa, hata wauaji, walihukumiwa na baraza la Kanisa, ambalo halikutoa adhabu ya kifo. Hapa mfalme alikuwa na hoja. Lakini sheria alizozitoa Clarendon mwaka 1164 zilivuka mpaka: hakuna rufani kwa Papa pasipo idhini yake, na mapato ya jimbo lisilo na askofu yawe yake. Thomas alikubali kwanza, kisha akajuta, akatengua neno lake. Akaishi Ufaransa uhamishoni miaka sita.

Mwaka 1170 mwana wa mfalme alivikwa taji pasipo Canterbury kushirikishwa. Thomas akawaadhibu maaskofu waliohusika, akarudi kwake mwezi wa Desemba. Tarehe 29 askari wanne wa mfalme walimwua ndani ya kanisa lake kuu. Mwaka 1173 alitangazwa mtakatifu, na mwaka 1174 Henry mwenyewe alikwenda kaburini pake miguu mitupu, akakubali kupigwa viboko.

Twaona basi mambo mawili. Serikali ina haki yake, na Kanisa likiwaficha wakosaji wake laipa sababu ya kuliingilia. Lakini mtawala akishika mhuri na fimbo pamoja, hapabaki mtu wa kumwambia kwamba amekosa. Henry alimpata mtu huyo, naye hakutambua thamani yake mpaka alipopiga magoti juu ya kaburi.