Robert Koch, daktari aliyefichua adui wa mapafu

Kalembe, kwenye mpaka wa wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, vita vimewakimbiza watu mara nyingi. Familia zikilala nyingi ndani ya nyumba moja, kifua kikuu kinaenea kwa urahisi. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, anapaswa kupimwa makohozi. Kipimo hicho kilianza na daktari wa Ujerumani, Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, kwenye machimbo ya madini. Alipokuwa daktari huko Wollstein, ambako leo ni Poland, mke wake Emmy alimpa zawadi ya mikroskopi. Hakuwa na maabara. Alichunguza damu ya wanyama nyumbani, baada ya kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1876 alionyesha bakteria ya kimeta.

Wakati huo wengi walidhani kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alithibitisha kuwa kinaletwa na bakteria. Aliitia rangi ya buluu, ndipo vijiti vyembamba vikaonekana. Tarehe hiyo sasa ni siku ya kifua kikuu duniani.

Lakini kuona adui si kumshinda. Mwaka 1890 alitangaza dawa, tuberkulini, nayo haikuponya. Mwaka 1905 alipewa tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alifika visiwa vya Sese, Uganda, kupambana na malale. Dawa aliyotumia, atoksili, ilipofusha baadhi ya wagonjwa. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden.

Wengine waliendeleza kazi yake. Leo makohozi hutiwa rangi ya auramini, kisha humulikwa kwa mwanga wa buluu. Bakteria inang'aa gizani kama kimulimuli, na mpimaji anaona sehemu pana kwa mara moja. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza mikroskopi hizo zitumie taa za LED, ambazo hazili umeme mwingi na zinaweza kutumia betri.

Hata hivyo, matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mgonjwa anayekimbia vita aende kwenye kituo cha afya kilicho karibu aendelee na dawa. Akiziacha njiani, bakteria inaweza kuwa sugu, na kupona kunakuwa kugumu zaidi.